Kwacha Ameshindwa Kusimama

18 Januari
Mwalimu wa Kiswahili ametuambia tuandike shajara muhula mzima, na kwamba hatazikusanya. Wenzangu waliposikia hakuna maksi wakaacha hapo hapo. Mimi naanza kwa sababu hakuna atakayesoma.

Mvua tangu alfajiri. Kwacha amepeleka mbolea shambani mara tatu. Kwacha ni punda wetu. Baba alimnunua Tunduma mwaka juzi kwa Mzambia mmoja aliyekataa kabisa kupokea shilingi, akataka kwacha za kwao tu, ndipo kaka yangu Watson akampa jina hilo. Hapa Isansa watu wanafuga ng'ombe. Punda ni wa kwetu peke yake, kwa hiyo watoto wa shule ya msingi wakipita wanasimama kumtazama, na yeye anawatazama.

25 Januari
Siku ya josho. Ng'ombe wetu wawili walikwenda kuogeshwa dawa ya kupe, Kwacha alibaki. Nilimuuliza Mama kwa nini, akamuuliza Baba.

"Punda hana kupe," Baba alisema. "Ngozi yake kavu. Umewahi kumwona wapi punda kwenye foleni ya josho?"

Sijawahi kumwona. Hata hivyo sikuuliza mimi, aliuliza Mama.

2 Februari
Kanisani. Mvua. Baba alisoma matangazo, yeye ni mzee wa kanisa. Sauti yake haihitaji kipaza sauti.

14 Februari
Jaribio la Kemia. Nilijua swali la nne na sikunyoosha mkono mwalimu aliposahihisha ubaoni. Diana alinyoosha na jibu lake halikuwa sahihi.

20 Februari
Kule madukani wameua mbwa asiyejulikana ni wa nani. Alikuwa amemuuma mbuzi, kisha akauma gurudumu la pikipiki ya Watson likizunguka. Bwana Gasper, ambaye ni afisa mifugo wa kata, amepita na kutangaza kila mtu afunge mbwa wake. Watson anawaonyesha watu gurudumu.

3 Machi
Mzigo wa Kwacha unazuiwa na kamba inayopita chini ya mkia, ili akishuka mteremko usimtelezee shingoni. Baba ameizungushia kitambaa cha blanketi isimchubue. Zamani aliifungua kila jioni. Tangu mvua zizidi, fundo limevimba na halifunguki kwa vidole, kwa hiyo anamwacha nayo usiku na mchana. Alisema ataifungua mvua ikikatika.

9 Machi
Mvua haijakatika.

12 Machi
Mvua. Nimemaliza kitabu cha kilimo cha maktaba ya shule, chenye jalada lililoliwa na mende. Mkutubi aliniuliza kama nataka kuwa bwana shamba. Nilisema hapana, na nilipofika nje nikafikiri kwamba ningeweza kusema sijui.

14 Machi
Leo Kwacha alijikwaa mara nyingi akipanda kutoka mtoni. Miguu ya nyuma ilikuwa inakwenda kama ya mlevi, ya mbele mizima. Baba alidhani ni utelezi, akampunguzia mzigo. Hata bila mzigo aliyumba.

15 Machi
Asubuhi tumemkuta amelala chini bandani. Anainua mabega, anasukuma kwa miguu ya mbele, lakini nyuma hakuinuki. Ameketi kama mbwa. Nilimwekea majani karibu na mdomo akayatafuna, ila alichukua muda mrefu sana, na mengine yakaanguka.

Baba alisema amekula kitu kibaya. Alichemsha majani pamoja na chumvi, akatia kwenye chupa ya soda na kumnywesha. Maji yalirudi puani. Baba akaingiza mkono mdomoni kuusogeza ulimi. Alikuwa na majeraha vidoleni, ya mkasi wa kupogolea kahawa, na meno ya Kwacha yakamkwaruza juu yake. Alipoutoa mkono ulikuwa na ute mpaka kwenye kifundo. Aliufuta kwenye suruali.

Nilikuwa nimeshika chupa. Hakuna mwingine aliyekuwepo.

16 Machi
Bwana Gasper alikuja baada ya ibada, mvua ikinyesha, suruali ameikunjia ndani ya mabuti. Alimtazama Kwacha akiwa mlangoni mwa banda. Aliuliza ana hamu ya kula, Mama akasema anayo ila hamezi vizuri. Wakati huo Kwacha alijaribu kulia, sauti ikatoka kama ya mtu mwenye mafua.

Bwana Gasper akarudi nyuma hatua moja.

"Baba Watson," alisema, "mwezi uliopita kulikuwa na yule mbwa."

"Mbwa hakufika huku."

"Mbwa mwenye kichaa hakuagi anapokwenda. Kupooza, kutomeza, sauti kubadilika. Mimi sisemi ndicho. Nasema tusicheze nacho. Kuanzia sasa hakuna kumgusa. Kuna mtu ameingiza mkono mdomoni kwake?"

Nilimtazama Baba.

"Hakuna," Baba alisema.

Bwana Gasper akasema akifa, kichwa kipelekwe kupimwa. Na kama hatakufa mwenyewe mpaka keshokutwa, afadhali apumzishwe. Baba alisema afadhali azikwe, basi, mambo ya kukata kichwa yatawatisha watu.

17 Machi
Mto umejaa, wa upande huu hatukwenda shule. Nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, ambapo naweza kuona bandani. Nimeandika ninachokiona.

Miguu ya mbele nayo imelegea. Amelala ubavu. Anapumua polepole, tumbo ndilo linafanya kazi. Macho yanamfuata kuku. Sikio linageuka nikikohoa. Hana hasira. Hajajaribu kumuuma mtu.

Kitabu cha kilimo kinasema pepopunda hukakamaza misuli. Kwacha amelegea kama nguo iliyofuliwa, kwa hiyo siyo pepopunda. Watson alisema inawezekanaje isiwe pepopunda wakati jina lenyewe lina punda. Kuhusu kichaa cha mbwa kitabu kinasema kuna cha hasira na cha kupooza, na cha kupooza kinafanana na hiki. Kinasema pia kwamba mtu akipata ute kwenye jeraha aoshe kwa sabuni na maji mengi, aende hospitali kabla hajaumwa, kwa sababu akishaanza kuumwa hakuna dawa. Ukurasa mmoja, chini kabisa, unasema kondoo hupoozwa na kupe. Kwacha si kondoo.

Baba ameshinda shambani, mvuani. Jioni alikula kwa mkono wa kushoto.

Watson na majirani wawili wamechimba shimo nyuma ya migomba. Wamekubaliana apumzishwe kesho jioni. Watson alirudi amejaa tope, akaniambia, "Dogo, acha kumkodolea macho. Mzee kashaamua."

Nadhani Baba ni mtu mgumu. Nimeandika hivyo kisha nikaona siyo. Mtu mgumu angetaka kichwa kipimwe ajue. Baba anataka kifukiwe asijue.

18 Machi
Hii itakuwa ndefu.

Niliamka kabla ya wote nikamngoja Baba nje ya choo, kwa sababu ni mahali pekee anapopita peke yake. Nilikuwa nimepanga maneno. Alipotoka nilisema "Shikamoo Baba," akaitikia, akapita. Maneno yote yakaondoka. Alikuwa ameshafika kwenye tangi la maji niliposema, "Baba, mkono."

Aligeuka.

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Niliona. Nilikuwa nimeshika chupa."

Mvua ilikuwa ndogo, ya kutua kwenye nywele. Nikasema yaliyo kitabuni, haraka, bila kuinua macho. Nilisema kuhusu sabuni. Nilisema kuhusu sindano. Nilisema hata sehemu ya kwamba akishaanza kuumwa hakuna dawa, ambayo nilikuwa nimepanga kuiacha.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Hapana."

Mama alikuwa mlangoni na ndoo.

Sijawahi kumsikia Mama akipaza sauti, na leo pia hakupaza. Aliweka ndoo chini.

"Kumbe ulikuwa unanifanya mjane bila kunijulisha," alisema.

"Enesi, sikutaka..."

"Jumapili umemjibu Gasper hakuna. Mbele yangu. Mimi naosha vyombo vyako, wewe unakaa na kifo mkononi unakula nacho ugali."

"Kilikuwa kidonda kidogo tu."

"Watson!" Mama aliita. "Washa pikipiki. Mpeleke baba yako hospitali Vwawa. Mto ukikataa, mzungukie juu."

Baba alinawa mkono kwa sabuni ya kufulia kwenye bomba la tangi. Alinawa kwa muda mrefu sana, na Mama alisimama pale pale akimhesabia kwa macho. Akapanda nyuma ya Watson amejifunika turubai, wakaondoka.

Tukabaki mimi na Mama na Kwacha.

Mama alisema tumfungue kamba. Kwetu mnyama wa kazi hazikwi na kamba yake. Ng'ombe wa jembe akifa, kamba zote hutolewa kwanza, la sivyo wanasema mnyama atakayekuja baada yake atakataa kazi. Anayefungua ni yule aliyefunga. Kwa kuwa Baba hayupo, mtoto wake anaweza.

"Lakini Bwana Gasper amesema tusimguse," nilisema.

"Mdomo. Kamba haiko mdomoni. Vaa yale mabuti na glovu za kupulizia dawa ya kahawa, upite nyuma."

Nilivaa. Glovu zinanifika kwenye viwiko. Nilipiga magoti nyuma ya Kwacha kwenye majani makavu. Mkia ulikuwa umelegea, haukuninyima nafasi, ukainuka mkononi kama kamba nyingine. Fundo halikufunguka, nikalikata kwa kisu. Kitambaa cha blanketi kilikuwa kimegandia ngozi, nikakibandua taratibu.

Chini yake kulikuwa na kupe.

Mwanzoni nilidhani ni maharage. Walikuwa wamejipanga pale ambapo kamba ilipita, wamevimba, wa rangi ya kijivu na kahawia, wengine wamepandana. Katikati yao walikuwepo wadogo wenye miguu myekundu. Hapana aliyewaona kwa sababu palikuwa pamefunikwa, na hata pasingefunikwa, ni nani angeinua mkia wa punda akatazama? Watu wangemcheka mpaka Krismasi.

"Mama," nilisema, "njoo uone."

Mama aliinama. Akasema, "Yesu wangu."

Nilikimbia ndani nikaleta kitabu, nikamsomea ule mstari wa chini kabisa. Kupe hutia sumu wakati wa kunyonya, mnyama hupooza kuanzia nyuma, hana homa, akili yake ni nzima. Wakitolewa wote mapema, hupona.

"Huo si ugonjwa wa kondoo?"

"Ni wa kondoo."

Mama alimtazama Kwacha, Kwacha akamtazama Mama.

"Sasa huyu na kondoo," alisema Mama, "wote si wanakula majani?"

Akaenda chumbani akarudi na kibanio chake cha nyusi. Aliniambia nikimaliza nisimrudishie.

Nilimkamata kila kupe karibu na ngozi, nikavuta moja kwa moja bila kuzungusha, nikamtia kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Mama alishika mkia na tochi. Tulimaliza chini ya mkia tukahamia mapajani, kisha Mama akasema masikio. Nilisema masikio yako karibu na mdomo. Mama akamfunika mdomo kwa gunia, akakanyaga pembe za gunia pande zote mbili. Ndani kabisa ya masikio walikuwepo wengine, wadogo kama mbegu za ufuta.

Baba na Watson walirudi jioni wamelowa. Baba amechomwa sindano na amepangiwa nyingine. Majirani walikuwa wameshafika na kamba za kumburuta. Mmoja alikuwa amebeba shoka.

Mama alisimama mlangoni mwa banda, kopo mkononi.

"Leo hazikwi mtu," alisema.

"Mama Watson, shimo linajaa maji," alisema mwenye shoka.

"Lijae."

Alimpa Baba kopo. Baba alichungulia. Ilibidi aligeuze kuelekea kwenye mwanga. Alikaa akilitazama, kisha akauliza walikuwa wapi, na Mama akamwambia walikuwa chini ya kamba yake.

"Kwa hiyo siyo kichaa?"

Aliniuliza mimi. Wote wakanigeukia. Nilisema sijui. Nilisema kama ni kupe, kesho ataanza kuwa na nafuu. Kama ni kichaa, kesho atakuwa na hali mbaya zaidi, au amekufa.

"Basi kesho," Baba alisema. Wenye kamba wakaenda zao.

19 Machi
Hajafa.

Bwana Gasper alikuja asubuhi, Watson alimpigia simu. Safari hii aliingia bandani. Alivaa glovu, akainua mkia mwenyewe, akatazama nilipotoa kupe, akalitazama na kopo.

"Mimi nilisimama mlangoni," alisema. "Nikaogopa mdomo, nikasahau upande wa pili."

Baba akataka kumwogesha Kwacha kwa dawa ya josho, ndoo ilikuwa tayari imechanganywa. Bwana Gasper aliimwaga. Alisema dawa ile ya ng'ombe inaweza kuyasimamisha matumbo ya punda, afe akiwa hana kupe hata mmoja. Alileta chupa nyingine, akapaka mgongoni na chini ya mkia. Alitukataza kumnywesha chochote kwa chupa, maana koo halifanyi kazi na maji yataingia mapafuni. Tumgeuze ubavu mara kwa mara, tumwegemeze kwa magunia ya pumba akae kifua chini.

Nilimuuliza Bwana Gasper kama Baba aache sindano. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, akaniambia nirudie, nikarudia.

"Asiache. Mpaka tumwone huyu amesimama na siku zimepita. Na hata hapo aulize hospitali, asiniulize mimi."

Usiku huu Baba anamgeuza Kwacha pamoja na Watson. Nawasikia wakibishana nani anashika kichwa.

20 Machi
Kwacha ameinua kichwa. Mkia umepiga nzi. Mama alikuwa anapita na sufuria akaona, akasimama, akaendelea na safari.

Hamsemeshi Baba. Anamwekea chakula na kusema na ukuta.

21 Machi
Shule, mto umepungua. Darasani sikusikia kitu. Nilirudi karibu kwa mbio.

Kwacha alikuwa ameketi kifua chini bila magunia. Baba alikuwa amechuchumaa mbele yake, na shati la kazi, mkono wa kulia ukiwa na plasta. Alikuwa anamwambia, "Haya. Haya basi." Alisema hivyo kwa sauti ambayo kanisani hawaijui. Kwacha alitanguliza miguu ya mbele. Akasukuma. Nyuma kukainuka nusu, kukatetemeka, kukaanguka. Baba hakumsaidia na hakuondoka.

Kwacha aliinuka kwenye jaribio ambalo sikuliona, kwa sababu Mama alinituma kuni. Niliporudi Kwacha alikuwa amesimama, miguu imetanuka kama meza mbovu. Baba alikuwa ameketi chini kwenye tope amefunika uso. Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Alimpa kanga yake ajifute.

"Pole, Baba Watson," alisema. Ni neno lake la kwanza kwake tangu jioni ya kopo.

25 Machi
Kwacha anatembea mpaka kwenye migomba na kurudi. Mizigo bado. Baba anabeba mbolea mwenyewe, Watson anamwita "Kwacha Mkubwa", kwa mbali.

29 Machi
Siku ya josho. Ng'ombe walikwenda. Baba alibaki na Kwacha uani, akainua mkia, akawa anapapasa kwa vidole. Mama Roda, jirani yetu, alikuwa anapita barabarani na wenzake wa kwaya.

"Mzee wa kanisa! Huko unatafuta nini?"

"Kupe."

"Ukimkosa?"

"Nitashukuru Mungu."

Walicheka mpaka kwenye kona. Baba aliendelea. Kisha akaniita, akasema macho yake hayaoni vizuri karibu.

1 Aprili
Nimemsindikiza Baba Vwawa kwa sindano. Sijui kwa nini alitaka niende, Watson ndiye mwenye pikipiki. Tulikaa watatu juu yake. Mvua imekatika, barabara ina vumbi kidogo kwenye matuta na tope katikati.

Kwenye benchi kulikuwa na watu wengi. Muuguzi alikuwa mdada mcheshi. Alimkunja Baba mkono wa shati, akamuuliza yule mnyama alikufa lini.

"Hajafa," Baba alisema. "Jana amenipiga teke."

"Punda mwenye kichaa amepona?"

"Hakuwa na kichaa."

"Sasa alikuwa na nini? Ulikuja hapa unatetemeka mpaka nikashindwa kupata msuli."

Watu wa benchi walinyamaza ili wasikie. Baba alinielekeza kwa kidevu.

"Muulize huyu. Ndiye aliyeona."

Muuguzi akanigeukia, na benchi lote. Nilitazama viatu vya Baba, vilikuwa na tope la bandani kwenye mishono. Nikaanza na kamba. Nikasema inapita wapi na kwa nini. Mama mmoja mwenye mtoto akasogea. Niliposema kuhusu chini ya mkia mtu alicheka, nikasimama kidogo, halafu nikaendelea. Nikafika kwenye kibanio cha nyusi.

Muuguzi alikuwa ameshika sindano juu, tayari, ametazama mkono wa Baba kisha mimi.

"Mwache amalize kwanza," Baba alimwambia.